Mlango Wazi na Kitanda cha Watu Sita: Habari za Hospitali Kongwe ya Paris

Somo la leo ni la historia, nalo lahusu hospitali moja ya mji wa Paris, huko Ufaransa. Wale mlio katika vikundi vya kusikiliza, mwenye kalamu na aiweke tayari, maana kuna miaka minne nitakayowaomba muiandike: 651, 1505, 1788 na 1908. Tutaifikia mmoja mmoja. Mwisho wa somo nitawapa maswali ya kuzungumza.

Tuanze kwa neno lenyewe. Twasema hospitali, na twasema hoteli. Hoteli kwetu ni mahali pa kunywa chai na kula chapati, ukalipa ukaenda zako. Hospitali ni mahali pa dawa na sindano. Nani angedhani kwamba maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja? Lakini ndivyo yalivyo. Yote mawili yametoka katika neno la Kilatini, hospes, ambalo maana yake ni mgeni, na pia mwenyeji anayempokea mgeni. Zamani za Ulaya, nyumba iliyompokea msafiri asiye na pa kulala ndiyo hiyo hiyo iliyompokea yatima, mzee asiye na mtoto, na mgonjwa asiye na mtu wa kumwuguza. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba hizo mambo yalikuwa kinyume: mgeni ndiye aliyekuja kutafuta kupona.

Basi, hospitali ya somo letu yaitwa Hôtel-Dieu. Ukilisikia jina hilo kwa Kifaransa, lasikika kama "Oteldye". Maana yake ni Nyumba ya Mungu. Ni hospitali ya zamani kuliko zote mjini Paris, na bado ipo.

Kwanza tujue mahali penyewe. Mto uitwao Seine wapita katikati ya Paris, na ndani ya mto huo kuna kisiwa. Juu ya kisiwa hicho limesimama kanisa kuu la Notre-Dame, lile lililoungua paa mwezi wa Aprili mwaka 2019, habari zake zikaenea dunia nzima. Mbele ya kanisa hilo kuna uwanja. Hospitali hii imekaa kando ya uwanja huo kwa karne nyingi sana, kwanza upande wa kusini, ukingoni mwa mto, na baadaye upande wa kaskazini, ambako ndiko iliko leo.

Sasa andikeni mwaka wa kwanza: 651. Mapokeo ya Kanisa Katoliki yasema kwamba mwaka huo askofu wa Paris, aliyeitwa Landry, alianzisha nyumba ya kuwapokea maskini na wagonjwa karibu na kanisa lake. Hati ya kwanza iliyoandikwa kuhusu nyumba ya namna hiyo mahali pale ni ya mwaka 829. Twaweza kuuliza, kwa nini askofu na si mfalme? Jibu ni kwamba siku zile serikali haikuwa na idara ya afya, wala hapakuwa na mtu aliyeidhani kuwa kazi ya serikali. Kanisa ndilo lililofundisha kwamba kumhudumia mgonjwa maskini ni sawa na kumhudumia Kristo mwenyewe, na Kanisa ndilo lililokuwa na mashamba, nyumba na sadaka za kuifanya kazi hiyo.

Mapadre wa kanisa kuu ndio waliokuwa wasimamizi. Mwaka 1168 walikata shauri kwamba kila mmoja wao, anapokufa au anapoondoka, aiachie hospitali kitanda chake pamoja na matandiko yake. Likumbukeni jambo hilo la kitanda, maana somo letu lote la leo laweza kuitwa habari za kitanda.

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 13 hospitali ilipewa kanuni zilizoandikwa. Wahudumu wake walikuwa watawa, wanaume na wanawake, waliofuata utaratibu wa Mtakatifu Augustino. Kanuni zilisema kwamba mgonjwa akifika, kwanza aungame na apokee sakramenti, halafu apelekwe kitandani, na tangu hapo ahudumiwe kama bwana wa nyumba. Si kama mwombaji, bali kama bwana wa nyumba! Fikirini maana yake. Mchukuzi wa maji, au mjakazi aliyefukuzwa kazini kwa sababu ya homa, aliingia pale, na yule sista aliyemtilia uji alimhesabu kuwa mkubwa wake.

Kazi ya masista ilikuwa nzito. Walilisha wagonjwa, waliwasha moto wakati wa baridi, waliosha maiti, na walifua mashuka mtoni Seine kwa mikono yao, hata wakati maji yakiwa baridi kama barafu. Dawa zenyewe zilikuwa chache. Lakini tusicheke. Mtu aliyekonda kwa njaa akipata mchuzi wa moto, mahali pakavu pa kulala na mtu wa kumgeuza kitandani, wengi wa namna hiyo walipona bila ya dawa nyingine.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa mlango. Mlango wa Hôtel-Dieu haukufungwa kwa mtu. Mgonjwa alipokewa mchana na usiku, awe mwenyeji au mgeni, awe na ugonjwa wowote ule. Katika karne ya 18 waandishi walioisema vibaya hospitali hii kwa mambo mengi, kwa jambo hili waliisifu: kwamba haikumwuliza mtu nchi yake wala dini yake kabla ya kumpokea.

Haya, tuendelee. Mwaka wetu wa pili ni 1505. Kufikia wakati huo malalamiko yalikuwa mengi: mali haitunzwi vizuri, nyumba haina utaratibu, watawa wanagombana na wakubwa wao. Basi mahakama kuu ya Paris iliingilia kati. Iliondoa usimamizi wa fedha na mali mikononi mwa mapadre, ikaukabidhi kwa raia wanane wa mjini, watu wa kawaida wasio wa kanisani. Mambo ya roho yalibaki kwa mapadre, na masista waliendelea na kazi yao vyumbani. Tangu siku hiyo hospitali ilikuwa na wakubwa wawili: mmoja ameshika funguo za sanduku la fedha, na mwingine ameshika funguo za vyumba vya wagonjwa. Nanyi mwajua, fahali wawili hawakai zizi moja. Ugomvi huo tutauona tena mbele.

Mji wa Paris ulizidi kukua, na wagonjwa wakazidi. Kisiwa ni kidogo, ardhi hakuna. Wasimamizi walifanya nini? Walijenga juu ya mto. Katika karne ya 17 walijenga daraja ambalo juu yake walipanga vyumba vya wagonjwa, na upande mmoja wakaacha njia ya watu kupita. Kila apitaye alilipa sarafu ndogo iliyoitwa double, ndiyo maana daraja la mahali hapo hata leo laitwa Pont au Double. Halafu wakavuka wakajenga ng'ambo ya pili. Lakini kila walipoongeza chumba kimoja, waliokuja walikuwa wengi zaidi ya chumba hicho.

Ndipo yalipotokea yale ambayo hakuna mtu aliyeyakusudia. Mlango ulikuwa wazi, na vitanda vilikuwa vichache. Mgonjwa wa pili akalazwa pamoja na wa kwanza. Wa tatu akalazwa pamoja na hao wawili. Kwa kuwa hapana mtu aliyekuwa na moyo wa kumrudisha mgonjwa njiani, wakazidi kubananishwa. Katika usiku mmoja wa mwisho wa Desemba mwaka 1772 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya hospitali. Watu wengi mjini wakasema kwamba sasa ihamishwe, ijengwe upya mahali penye nafasi. Wengine wakapinga, kwamba maskini wameizoea hapo, na kwamba fedha haipo. Miaka ikapita.

Sasa sikilizeni vizuri, maana tumefika kwenye kiini cha somo. Mwaka 1785 chuo cha wanasayansi cha Paris, kwa amri ya serikali ya mfalme, kiliunda kamati ya kulichunguza jambo hili. Katika kamati hiyo walikuwamo wataalamu wakubwa wa siku zile: Lavoisier aliyejua mambo ya hewa na moto, Laplace mtaalamu wa hesabu, Coulomb wa elimu ya umeme, na Bailly mtaalamu wa nyota. Alikuwamo pia mpasuaji mmoja aitwaye Jacques Tenon. Wasimamizi wa hospitali hawakuwapa kamati habari walizoziomba. Lakini Tenon alikuwa ameichungua hospitali kwa miaka mingi, na maandishi yake alikuwa nayo.

Mwaka wetu wa tatu ni 1788. Mwaka huo Tenon alitoa kitabu juu ya hospitali za Paris. Hakikuwa kitabu cha matusi wala cha kilio. Kilikuwa kitabu cha hesabu na vipimo. Alihesabu vitanda, akapima upana wake, akapima vyumba, akapima hata ngazi, kwamba mgonjwa dhaifu aweza kupanda au hawezi.

Haya ndiyo aliyoyakuta. Vitanda vyote vilikuwa 1,219. Kati ya hivyo, 486 vilikuwa vidogo, vya mtu mmoja, na 733 vilikuwa vikubwa. Kitanda kikubwa kilikuwa na upana wa inchi 52 za Kifaransa, yaani kama sentimeta 140. Humo walilazwa watu wanne, na mara nyingine sita. Chukueni kalamu mgawanye. Inchi 52 kwa watu sita, kila mtu apata inchi nane na kitu. Ukitaka kuelewa bila ya rula, nyosha mkono wako upime shubiri moja, toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho. Hiyo shubiri moja ndiyo nafasi ya mgonjwa. Hawezi kulala chali. Hulala ubavu, wengine vichwa huku na wengine vichwa kule, miguu ya mmoja usoni pa mwenzake. Mwenye homa amelala na mwenye upele. Aliyeanza kupona amelala na anayekata roho, na usiku mtu akifa, wenzake huweza kukaa na maiti hata mchana utokee.

Kulikuwa pia na chumba ambamo waliopasuliwa, waliongojea kupasuliwa na waliokuwa wakipasuliwa wote walikuwa pamoja. Siku hizo dawa ya usingizi haijavumbuliwa bado. Mtu ambaye zamu yake ni kesho aliona visu leo, akasikia na makelele.

Tenon na wenzake walihesabu pia vifo. Katika Hôtel-Dieu, kati ya wagonjwa tisa, wawili walikufa. Katika hospitali ya Edinburgh, huko Scotland, alikufa mmoja katika kila watu 25 hivi. Akina mama waliokuja kuzaa Hôtel-Dieu, alikufa mmoja katika kila 15 au 16. Mama mzima, aliyeingia kwa miguu yake bila ya ugonjwa wowote, alikutwa humo na homa ya uzazi.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: je, kulinganisha huko ni kwa haki? Swali zuri. Hospitali nyingine nyingi zilichagua wagonjwa wa kupokea, lakini Hôtel-Dieu ilipokea hata aliyebakiwa na saa moja ya kuishi. Kwa hiyo ilikuwa lazima iwe na vifo vingi zaidi. Lakini palikuwa na hospitali nyingine hapo hapo Paris, iitwayo Charité, iliyosimamiwa na watawa wa kiume wa Mtakatifu Yohane wa Mungu. Hao walilaza kila mgonjwa peke yake kitandani, na kwao alikufa mmoja katika kila saba au wanane. Nao walikuwa Wakatoliki, na wagonjwa wao walikuwa wa mji ule ule. Basi kosa halikuwa katika dini ya wahudumu, wala katika mioyo yao. Sehemu kubwa ya kosa ilikuwa katika msongamano.

Kumbukeni kwamba Tenon hakujua habari za vijidudu. Elimu hiyo ililetwa na Pasteur na wenzake zaidi ya miaka 70 baadaye. Tenon hakuweza kueleza kwa nini ugonjwa watoka kwa huyu ukaingia kwa yule. Lakini aliweza kuhesabu, na hesabu ikamwonyesha njia. Alishauri kila mgonjwa awe na kitanda chake, wenye magonjwa ya kuambukiza watengwe, akina mama wawe na nyumba yao, na majengo yaachane ili upepo upite kati yake.

Tupumzike kidogo hapo, turudie tuliyojifunza. Hôtel-Dieu ilianzishwa na Kanisa. Sheria yake ilikuwa mgonjwa ni bwana wa nyumba, na mlango ulikuwa wazi kwa wote. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya mlango kuwa wazi na nyumba kuwa ndogo, yule bwana wa nyumba alipewa shubiri moja ya kitanda, na wengi walikufa kwa ugonjwa ambao hawakuja nao.

Sasa ule ugomvi wa wakubwa wawili. Mwaka 1785 mpasuaji hodari aitwaye Desault alipata ukubwa katika hospitali hii. Alitaka kuwafundisha vijana wanaosomea uganga kando ya vitanda. Alitaka daktari aamue mgonjwa ale nini na atoke lini. Masista na mkubwa wao walikataa. Walisema kwamba nyumba iliwekwa kwa ajili ya maskini, si kwa ajili ya wanafunzi kuwatazama maskini. Walisema kwamba maskini anakuja na njaa, na kumnyima chakula ni dhambi. Desault naye alisema kwamba mgonjwa mwingine akishibishwa hufa, na kwamba daktari asiyeona wagonjwa wengi atawaua wengi huko nje.

Nani alikuwa na haki? Mimi naona kila upande ulikuwa umeshika nusu ya jambo. Masista walikuwa na haki kusema kwamba mgonjwa si kitabu cha kufunuliwa na kila apitaye. Desault alikuwa na haki kusema kwamba huruma isiyojua dawa yaweza kudhuru. Msiba ulikuwa kwamba wakati wanabishana, yule wa shubiri moja alikuwa bado amelala pale pale.

Mwaka 1789 yalitokea Mapinduzi ya Ufaransa. Mali ya Kanisa ilichukuliwa na taifa. Mwaka 1793 hospitali ilibadilishwa jina, ikaacha kuitwa Nyumba ya Mungu ikaitwa Nyumba Kuu ya Ubinadamu. Mwaka huo huo iliamriwa kwamba kila mgonjwa alale peke yake, na kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya futi tatu. Maneno mazuri! Lakini amri si kitanda. Mashamba na nyumba zilizoilisha hospitali kwa karne nyingi sasa yalihesabiwa kuwa mali ya taifa, mengine yakauzwa, na fedha ya kuziba pengo hilo haikutosha. Masista walivuliwa mavazi yao ya utawa, lakini wengi walibaki kazini katika nguo za kawaida. Na wale wataalamu wa kamati, Bailly aliuawa kwa kukatwa kichwa mwaka 1793, na Lavoisier mwaka 1794.

Utaratibu ulirudi polepole. Mwaka 1801 hospitali zote za Paris ziliwekwa chini ya baraza moja. Mwaka 1802 ikafunguliwa ofisi ya kuwapima wagonjwa na kuwagawa, ili wote wasiikimbilie nyumba moja. Akina mama wa kuzaa walikuwa wamekwisha hamishiwa nyumba yao, na watoto wakapata hospitali yao mwaka huo wa 1802. Mlango wa Hôtel-Dieu ulibaki wazi, lakini sasa palikuwa na milango mingine. Kwa njia hiyo, kitanda cha mtu mmoja, kilichoombwa na Tenon mwaka 1788, kikawa jambo la kawaida.

Hapo ndipo hospitali hii ikawa pia shule kubwa ya uganga. Bichat, aliyefungua njia ya kuelewa nyama za mwili wa mtu, alifanya kazi humo mpaka kufa kwake mwaka 1802. Dupuytren, mpasuaji mashuhuri, alikuwa mkubwa wa wapasuaji tangu mwaka 1815. Wanafunzi walikuja toka nchi nyingi.

Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia Paris, kikaua watu zaidi ya 18,000. Wagonjwa walimiminika Hôtel-Dieu. Waziri mkuu wa Ufaransa, Casimir Perier, alikwenda kuwatazama pamoja na mtoto wa mfalme. Baada ya siku chache waziri aliugua ugonjwa ule ule, na mwezi wa Mei akafa. Watu wa mjini wakaona kwamba ugonjwa wa maskini haukai kwa maskini peke yao. Mkubwa asiyejali kitanda cha mnyonge ahesabu kwamba ukuta kati yao ni mwembamba.

Katika miaka ya 1860 na 1870 mji wa Paris ulibomolewa sehemu nyingi ukajengwa upya. Hôtel-Dieu mpya ilijengwa upande wa kaskazini wa uwanja, ikafunguliwa mwaka 1877, na ile ya kale ukingoni mwa mto ikavunjwa. Mahali ilipokuwa sasa pana bustani ndogo na sanamu ya mfalme Charlemagne akiwa juu ya farasi. Wageni hupiga picha hapo, na wachache hujua kwamba ndipo vilipokuwa vile vitanda vya inchi 52.

Limebaki jambo moja, na mwaka mmoja: 1908. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 mji wa Paris ulitaka hospitali zake zisiwe tena mikononi mwa watawa. Mtu aliyelipigania sana jambo hilo alikuwa daktari Bourneville. Alisema kwamba uuguzi ni kazi ya kujifunza, yenye darasa na mtihani, na kwamba nadhiri peke yake haitoshi. Tangu mwaka 1878 shule za kuwafundisha wauguzi wa kawaida zilifunguliwa, na hospitali moja baada ya nyingine ikawaaga masista. Waliopinga, na miongoni mwao walikuwamo madaktari, walisema kwamba mshahara hauwezi kununua moyo wa kukesha na mgonjwa. Hôtel-Dieu ilikuwa katika zile za mwisho. Mwezi wa Januari mwaka 1908 masista wa Mtakatifu Augustino waliondoka, na umati wa watu wa mjini ulikuja kuwaaga. Wengi wa watu hao walikuwa wale ambao wao wenyewe, au mama zao, waliwahi kulala katika vyumba vile.

Tangu hapo Hôtel-Dieu imekuwa hospitali ya umma, nalo jina la kale lilikuwa limekwisha rudi. Hata katika miaka yetu haikuacha kubishaniwa. Mwaka 2013 palikuwa na mpango wa kufunga huduma yake ya dharura, na wafanyakazi pamoja na wakazi wa mji wakaandamana kuupinga. Wenye mpango walisema kwamba jengo ni la zamani na gharama ni kubwa. Wenye kupinga walisema kwamba mtu aliyepatwa na shida usiku katikati ya mji lazima apate mlango. Mwaona kwamba ni mabishano yale yale ya mwaka 1772, ila watu ndio wengine.

Basi wasikilizaji, tumefika mwisho. Kwa ufupi, nyumba hii ilipata mambo mawili kwa nyakati mbili mbalimbali. La kwanza ni mlango wazi, nalo ililipata kwa askofu, mapadre na masista waliofua mashuka katika maji ya baridi. La pili ni kitanda cha mtu mmoja, nalo ililipata kwa watu waliopima, wakahesabu, wakasema hesabu yao mbele ya wakubwa. Toka 651 mpaka yalipokutana mambo hayo mawili ilipita miaka zaidi ya 1,100. Mlango bila ya kitanda uliua watu. Na kitanda kizuri katika nyumba isiyofunguliwa hakimponyi aliye nje.

Sasa maswali ya vikundi. Swali la kwanza: elezeni kwa nini mlango kuwa wazi ulisababisha msongamano, na taja mambo mawili yaliyosaidia kuuondoa bila ya kuufunga mlango. Swali la pili: sista na daktari Desault wanabishana juu ya chakula cha mgonjwa. Mmoja wenu asimame upande wa sista, mwingine upande wa daktari, na kikundi kisikilize kabla ya kuamua. Swali la tatu ni la hesabu: chumba kina vitanda vikubwa 20, kila kimoja kina watu sita, mkitaka kila mtu apate kitanda chake, vitanda vingapi vitahitajika, na chumba kilicho na nafasi ya vitanda 30 vya mtu mmoja kitawatosha wangapi? Waliobaki mtawapeleka wapi? Msiliache swali hilo la mwisho bila ya jibu, maana ndilo walilokuwa nalo watu wa Paris.